Samadi yangu, maharage ya mzee

Kila nikipanda gari Igurusi kwenda Chimala, huku kwetu Usangu mkoani Mbeya, huwa nageuza shingo kuangalia majaruba ya mpunga ya kule chini. Si kwamba naona kitu, kutoka barabarani unaona vumbi na mipunga basi, ila moyo unajua kabisa kule kuna ekari moja niliyoilisha mimi wakala wengine. Nimeahidi siku nyingi kuandika hii habari na wale mnaoniuliza kwenye grupu la wasap "eti samadi inalipa au hailipi" jibu lenu ndo hili, refu kidogo, mtanivumilia.

Ilikuwa msimu wa 2021/22. Mnakumbuka bei ya mbolea ilivyokuwa, mfuko wa UREA (ile mbolea ya dukani ya nitrojeni) wa kilo 50 ukapita laki, DAP (ile yenye fosforasi nyingi) ndo usiseme, na ruzuku ilikuwa haijaja, ile ilikuja msimu uliofuata. Mi nilikuwa nimekodi ekari mbili za mpunga kwa mzee mmoja, kukodi kwa msimu kama tunavyokodi wote Usangu, unalipa, unalima, unavuna, unaondoka. Hela ya mbolea ya ekari zote mbili sina. Nikapata akili, nikaenda kwa Wasukuma fulani wenye maboma ya ng'ombe, wao ile samadi imejaa mpaka ng'ombe wanalala juu ya kichuguu, wakaniambia beba hata yote we lete trekta tu. Basi nikakodi trekta na trela, vijana wanne na machepe, tukapiga tripu mbili ekari moja. Kila tripu kwa makadirio yangu ni kama tani tatu, kwa hiyo tani sita zikaingia ekari ile ya juu. Ekari ya chini nikaiwekea mbolea ya dukani kidogo niliyoweza kununua. Sikufanya hivyo kwa ajili ya majaribio jamani, hela ndo iliamua.

Sasa kosa la kwanza, na hili nalisema wazi ili mtu asirudie. Ile samadi niliibeba juu kwa juu, imechanganyika na nyasi na mabaki ya mabua ambayo hayajaoza, nikamwaga, pawatila (katrekta ka mkono) ikavuruga, maji yakaingia, wiki hiyohiyo tukapandikiza. Baada ya siku kama kumi ukiingia mle tope linatoa povu na harufu ya yai bovu, na mpunga badala ya kushika kijani ukawa wa njano kama una malaria. Jirani akapita akacheka akaniuliza kama nimepanda mpunga au nimefuga ng'ombe. Na magugu ndo balaa, ng'ombe anakula mbegu za kila jani la Usangu halafu anakuletea zote shambani kwako, palizi nilifanya tatu. Kuvuna: ekari ya mbolea ya dukani gunia 22, ekari ya samadi gunia 19. Ukijumlisha trekta na vijana na palizi ya tatu utaona mwenyewe. Nikaapa mbele ya mke wangu kwamba samadi mi basi.

Nikarudisha shamba kwa mzee mwezi wa sita. Yeye kama wazee wengi kule, mpunga ukitoka na ardhi bado ina unyevu anatupia maharage na mahindi kidogo, haweki kitu chochote, anakula unyevu uliobaki. Mwezi wa saba mwishoni nikapita kumsalimia maana nilikuwa nimeacha turubai langu kwake.

"Kamwene mzee, shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Hebu njoo huku kwanza, turubai halikimbii."

Akanipeleka shambani. Wadau, sijawahi kuona kitu kama kile. Katikati ya ekari mbili, pale kwenye tuta lililokuwa linatenganisha samadi na dukani, kulikuwa na mstari kama mtu amepiga kamba. Upande wa chini maharage yako kawaida, mafupi, majani yamefifia fifia. Upande wa juu yamefunika ardhi yote, kijani ile nzito inayokaribia bluu, huoni hata udongo, na mahindi yaliyokuwa humo yamepita kifua changu wakati ya chini yako kwenye goti. Mzee akaniuliza taratibu, "Huku ulifanya nini?" Nami kwa ujinga wangu nikamweleza kila kitu mpaka boma nililotoa.

Akatikisa kichwa, akanishukuru sana, akanipa na maharage kisado. Mwezi wa kumi nilipokwenda kulipia msimu mpya akaniambia kodi imepanda, "shamba lina rutuba sasa mwanangu, si unaliona." Sikuwa na hiyo hela. Akampa mtu mwingine, na yule mtu kwa mbolea nusu ya niliyoweka mimi akatoa gunia 27 ekari ile ya juu. Gunia ishirini na saba! Nilikaa siku mbili sitaki kuongea na mtu.

Hasira ikinishika huwa nasoma, ndo tabia yangu. Nikaanza kuuliza maafisa ugani, nikasoma machapisho, nikapiga hesabu, na nikagundua kwamba samadi haikunidhulumu, mimi ndo nilikuwa naidai kitu ambacho haikuniahidi. Twende na hesabu za kijiwe. Tani sita za samadi mbichi, karibu nusu yake ni maji, inabaki kama tani tatu kavu. Nitrojeni, kile chakula kinachoupa mmea ukijani, humo ni kama asilimia moja, ikiwa nzuri moja na nusu, ya kwetu inayolala juani na kunyeshewa tuseme moja. Hiyo ni kilo 30 za nitrojeni. Mfuko mmoja wa UREA una kilo 23. Kwa hiyo ukitazama haraka unasema aah, nimeweka zaidi ya mfuko mmoja wa UREA! Kumbe hapana. Nitrojeni ya samadi iko ndani ya vitu vilivyokuwa majani, mpaka wadudu wadogo wa udongoni waile ndo mmea uipate, na mwaka wa kwanza kinachoachiwa kwa samadi ya ng'ombe ni kama theluthi hivi, mwaka wa pili kipande kidogo kuliko hicho, wa tatu kidogo zaidi, inakwenda hivyo inapungua haiishi. Theluthi ya 30 ni kilo 10. Yaani tripu mbili za trekta, vijana wanne, mgongo wangu, mwaka ule mpunga ulipata chini kidogo ya nusu mfuko wa UREA, na hata hicho kidogo zile nyasi ambazo hazijaoza zilikinyang'anya, maana bakteria wakikuta mabua makavu yenye nitrojeni kidogo wanachukua ya udongoni ili waweze kuyala, mmea unasubiri. Ndo maana ule unjano. Mpunga ulikuwa na njaa huku umekaa juu ya ghala.

Halafu maji. Jaruba likijaa maji hewa inakata, na uozaji bila hewa unakwenda polepole, harufu ya yai bovu ni dalili yake. Tulipoyatoa maji mwezi wa tano ardhi ikapasuka, hewa ikaingia, wale bakteria wengine wanaohitaji hewa wakaamka na kuanza kula kwa kasi, na nani yuko pale kupokea? Maharage ya mzee.

Ila kilichonifungua macho kabisa ni fosforasi, chakula kingine cha mmea. Maji yakisimama shambani, fosforasi ambayo ilikuwa imeshikwa na chuma cha udongo inaachiwa, mpunga unaipata kirahisi hata kwenye shamba ambalo si tajiri. Ardhi ikikauka chuma kinaikamata tena, tena kwa nguvu, hivyo zao linalofuata la nchi kavu linakuta meza imeshafutwa. Ndo sababu utakuta mtu amevuna mpunga vizuri tu halafu mahindi yaliyofuata jaruba lilelile yana majani ya zambarau anashangaa. Samadi hapo inafanya kazi mbili, inaleta fosforasi yake yenyewe, na zile tani zangu sita zilikuwa na fosforasi inayokaribia mfuko mmoja wa DAP, halafu uozo wake, yaani yale mabaki yaliyooza, unazuia udongo usiikamate yote. Hicho mpunga wangu haukukihitaji sana wakati ule. Maharage yalikihitaji.

Wanaoijua hii habari kuliko watu wote duniani ni wakulima wa tambarare za mto Indus na Ganges, Pakistani, India, Nepali mpaka Bangladeshi. Kule wana zaidi ya hekta milioni 13 za mpunga na ngano kwenye shamba lilelile mwaka huohuo, mpunga wakati wa mvua za monsuni kuanzia mwezi wa sita, ngano wakati wa baridi kuanzia mwezi wa kumi na moja mpaka wa nne. Sisi ngano yetu iko juu kwenye baridi, mpunga uko chini kwenye joto, hatuchanganyi, lakini tatizo la udongo ni lilelile: zao moja linataka tope lililovurugwa mpaka maji yasipenye, linalofuata linataka udongo uliolegea wenye hewa. Kila mwaka unavunja halafu unajaribu kujenga. Watafiti wao wameangalia sana kitu kinaitwa faida ya mabaki, yaani unaweka samadi kwenye mpunga halafu unapima ngano iliyofuata ambayo haikuwekewa. Na picha inayorudi ni ileile ya mstari wa mzee: samadi msimu wake wa kwanza haina mbwembwe, ngano ndo inaonyesha, na ukirudia miaka mitatu minne udongo wenyewe unabadilika, unashika maji, haupasuki hovyo, mizizi inapenya lile tabaka gumu la chini ya tope. Kwa fosforasi ya dukani wao ushauri wao ni uiweke kwenye ngano na mpunga ule mabaki, si kinyume, kwa sababu hiyohiyo ya maji niliyoeleza. Mi nimeichukua hiyo kama ilivyo, siku hizi DAP yangu naipeleka kwenye mahindi na maharage ya baada ya mpunga, siiweki yote kwenye jaruba.

Lakini si kila kitu cha asili kinabakiza. Hapa watu wanachanganya, wanasema "mbolea ya asili" kama ni kitu kimoja. Samadi ya kuku inaachia haraka, mpunga unaona palepale, ila mabaki ya nitrojeni ni machache. Majani mabichi ya jamii ya kunde kama marejea, ile iliyopigiwa debe sana na wamonaki wa Kibenediktini upande wa Songea, ukiyafukia yakiwa bado laini yanaoza ndani ya wiki chache na kumlisha huyuhuyu aliyepo, anayefuata anakuta makombo. Kule India wana mmea wao wa sesbania wanaufanyia hivyohivyo na matokeo ni hayo. Mboji na samadi ya ng'ombe iliyoiva ndo wale wazee wa pole pole. Kwa hiyo ukikodi msimu mmoja weka ya kuku au marejea, ukiwa na shamba lako weka ya ng'ombe. Hilo ningeambiwa 2021 ningekuwa mtu mwingine.

Na mabua ya mpunga, jamani mabua. Tunavuna, tunapiga, tunachoma moto, jioni bonde zima moshi. Nitrojeni karibu yote inakwenda juu na moshi. Potasiamu, chakula cha tatu cha mmea, inabaki kwenye majivu, na upepo wa mwezi wa nane mnaujua. Sehemu kubwa kabisa ya potasiamu ambayo mpunga umeivuta toka ardhini haiendi kwenye punje, inabaki kwenye mabua, tani moja ya mabua makavu ina kilo kama 14 au 15, halafu tunakwenda dukani kununua. Wakulima wa Punjab kule India nao wanachoma, tena kwa sababu ya haraka, kati ya kuvuna mpunga na kupanda ngano wana wiki mbili tatu tu, na ule moshi unafika mpaka Delhi watu wanakohoa. Sisi haraka hiyo hatuna, tunachoma kwa mazoea. Mimi sasa mabua nayarundika pembeni na samadi, naweka tabaka kwa tabaka, nafunika na udongo, miezi minne mitano inakuwa nyeusi inanukia kama msitu. Magugu nayo yanapungua maana lundo likipata joto mbegu nyingi zinakufa. Pumba za kwenye mashine za kukoboa mpunga, zile milima ya Igurusi, hizo ngumu kuoza usizimwage mbichi ukategemea kitu, zina mchanga wake wa kioo ndani, silika. Mi naziunguza nusu nusu ziwe mkaa halafu naziingiza kwenye lundo.

Kuna Waingereza nao sehemu inaitwa Rothamsted wana shamba la shayiri walianza kulipima 1852. Kipande kimoja waliweka samadi kila mwaka, tani 35 kwa hekta, wakaacha 1871. Wakaacha kabisa, hawajaweka tena. Zaidi ya miaka mia baadaye bado udongo wa kipande kile ulikuwa na uozo mwingi kuliko kipande cha jirani ambacho hakijawahi kuwekewa. 1871! Wamisionari wa Moraviani walikuwa hawajafika hata Rungwe, wamefika 1891. Sasa fikiria mtu aliyesukuma toroli ile samadi, amekufa, wajukuu wamekufa, samadi yake bado inaonekana kwenye mizani. Nilivyosoma hiyo nikamuwaza mzee wangu na gunia 27 nikaona basi, nimepona kidogo.

Shemeji yangu yuko Makete yeye hii kitu anaifanya bila kusoma popote. Viazi mviringo vinapewa samadi na mbolea yote, maana viazi ndo hela, vikitoka anapanda ngano palepale bila kuongeza hata kijiko. Nilimuuliza mbona ngano huilishi akacheka, "ngano inakula sahani ya kiazi." Na udongo wao wa volkano wa milimani unajulikana kwa kukamata fosforasi vibaya sana, kwa hiyo ile samadi ya viazi inambeba sana kuliko anavyojua, au pengine anajua ila hana haja ya kunieleza mimi.

Sasa tatizo letu la Usangu haliko kwenye sayansi. Tatizo ni kodi ya msimu mmoja. Mtu mwenye akili timamu hawezi kumwaga tani sita kwenye shamba ambalo Novemba litakuwa la mwingine, na mwenye shamba naye hamwagi kwa sababu kazi yake ni kupokea hela. Matokeo yake kila mtu anapiga UREA anaondoka, na majaruba yanachoka tunayaona. Mi nilichofanya, mwaka 2023 nilitafuta mtu mwingine, mama mmoja mjane mwenye ekari na nusu, tukaandikiana miaka mitatu mbele ya mtendaji wa kijiji, kodi haipandi, mimi naweka mboji mwaka wa kwanza na wa tatu, na baada ya mpunga nusu ya maharage ni ya mama. Alisita mwanzoni, alidhani nataka kumdhulumu shamba, mpaka mwanawe alipokuja kutoka mjini akasoma karatasi. Mwaka wa kwanza gunia 21 kwa ekari, nikatulia, sikulalamika, nilishajua. Mwaka wa pili sikuongeza mboji, niliweka UREA mfuko mmoja tu, gunia 26. Maharage nisiseme, mama aliuza debe nne akanunua bati.

Kuna mtu atasema 26 ni kidogo, kuna watu kwa mbegu ya mpunga ya Saro wanatoa 30 na zaidi. Sawa, watoe. Mi nahesabu kilichobaki mfukoni baada ya duka la pembejeo.

Mwezi uliopita simu ikaita, namba siijui, kumbe mzee wa kwanza. Tukasalimiana wee, habari za watoto, habari za baridi ya Uyole, mpaka akafika. Yule mpangaji wake ameondoka, maharage ya mwaka huu hayakuwa mazuri, mstari umefutika, anataka namba ya yule mwenye trekta na boma lilikuwa lipi. Nikampa zote mbili, nikamwambia na bei, maana Wasukuma nao wameshashtuka siku hizi tripu wanaiuza. Akakaa kimya kidogo halafu akasema, "Lakini mwanangu, si ungekuja tu umwage mwenyewe kama siku ile?"

Nikamwambia nitakuja mzee, aandae karatasi na mtendaji.